Nani Kasema Kinda wa Shakwe Aachwe Afe?

Kila kiangazi, makinda wa shakwe wanapoanza kudondoka kutoka kwenye mapaa ya miji ya Uingereza, husikika kauli tatu. Ya kwanza ni ya Mwingereza wa kawaida aliyewahi kunyang'anywa chipsi ufukweni: shakwe ni jambazi mwenye mabawa, akipungua mmoja ni nafuu. Ya pili ni ya msomi wa mazingira, na huitamka kwa upole: maumbile yana utaratibu wake, kinda dhaifu hufa, ndivyo dunia ilivyo. Ya tatu ni yetu sisi Waswahili tulioko huko, pamoja na jamaa zetu walioko nyumbani. Tukirushiwa video ya bibi wa Kizungu akimlisha kinda dagaa kwa kibanio, tunacheka mpaka machozi. Watu wamekosa kazi hawa! Watoto wa wenzao wanalala njaa, wao wanalea ndege.

Mwenye chipsi, msomi na mcheshi wa WhatsApp hawafanani kwa lolote, ila wote watatu wanaishia kwenye hukumu moja: mwache afe. Mimi naipinga hukumu hiyo. Nitaanza na msomi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hoja inayoonekana nzito.

Kusema "acha maumbile yafanye kazi yake" kuna maana pale ambapo ni maumbile yaliyofanya kazi. Kinda wa kwenye jabali la bahari kule Scotland akinyakuliwa na tai, sina la kusema. Tai naye ana makinda wake. Lakini tumtazame huyu tunayebishana juu yake. Kaanguliwa juu ya paa bapa la duka kubwa, mjini Bristol au Cardiff. Baba yake kagongwa na basi akiokota chakula barabarani. Mama yake kanasa kwenye wavu ambao mwenye jengo kaufunga ili ndege wasitue, akaning'inia humo hadi akafa. Kinda kabaki peke yake, akatembea hadi ukingoni akitafuta kivuli, akaanguka kwenye maegesho ya magari. Basi, wavu, paa, maegesho. Nioneshwe maumbile yako wapi hapo.

Wala shakwe hakuja mjini kwa kupenda kelele zetu. Ninayemzungumzia zaidi ni yule mkubwa wa mgongo wa kijivu, miguu ya waridi, na mdomo wa njano wenye doa jekundu upande wa chini. Wataalamu humwita Larus argentatus. Kwa asili ni ndege wa majabali na visiwa. Ilipotungwa Sheria ya Hewa Safi ya 1956 na uchomaji wa taka ukabanwa, mabaki ya chakula ambayo zamani yangekuwa majivu yakaanza kurundikwa kwenye madampo ya wazi. Baharini nako meli za uvuvi zilikuwa zikimwaga samaki wasiotakiwa sokoni, tani kwa tani. Ndege akafuata riziki. Akakuta mji una kila kilichomo kisiwani na zaidi: paa ni jabali lisilopandwa na mbweha, bomba la moshi linakinga upepo, na usiku kuna taa za kutafutia chakula. Peter Rock, mtafiti aliyewafuatilia shakwe wa Bristol tangu 1980, ametumia maisha yake ya kazi kuonesha jinsi mji unavyowafaa.

Kisha mambo yakabadilishwa tena bila ndege kuulizwa. Kodi ya madampo ya 1996 ikapunguza taka zinazozikwa. Marufuku ya Umoja wa Ulaya ya kutupa samaki baharini ikaanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2015. Meza ya shakwe ikahamia kwenye mifuko myeusi iliyowekwa nje ya mikahawa saa nne za usiku. Tumemvuta kwa miaka sitini, tukamzoesha, tukamfungia meza moja baada ya nyingine, halafu tunamwita mvamizi. Nyani haoni kundule.

Liko jambo jingine ambalo msomi wetu hupenda kulipitia kimya. Kazi za paa Uingereza hufanywa masika na kiangazi chao, kwa sababu ndipo mvua inapopungua. Shakwe naye hutaga kati ya mwisho wa Aprili na Mei, mara nyingi mayai matatu, huyaatamia wiki nne, na makinda huanguliwa mwishoni mwa Mei na Juni. Kalenda ya fundi na kalenda ya kiota zinagongana kila mwaka, na anayeshindwa anajulikana. Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika na kumuua ndege bila leseni, lakini paa liko juu, askari yuko chini, na mkandarasi ana tarehe ya kukabidhi kazi. Makinda huwekwa kwenye ndoo na kushushwa. Baadhi hufika kituo cha uokoaji wakiwa kwenye ndoo hiyohiyo, na vumbi la saruji kwenye malaika yao.

Sheria hiyohiyo, tukiisoma mpaka mwisho, inamruhusu mtu yeyote kumchukua ndege wa porini asiyejiweza, akamtunza, kisha akamwachia anapopata nguvu. Bunge la Uingereza halikuona kichekesho chochote hapo. Bunge lililokaa miaka zaidi ya mia moja kabla yake halikuona pia: mwaka 1869 lilipitisha sheria ya kuwalinda ndege wa baharini, ya kwanza ya aina yake nchini humo, baada ya watu kuzoea kwenda pwani ya Yorkshire na, wakiwa kwenye mashua, kuwapiga risasi ndege waliokuwa kwenye viota ili kujifurahisha, na mabawa ya shakwe wadogo kugeuzwa mapambo ya kofia za mabibi. Makinda walibaki wakilia kwenye majabali mpaka wakafa. 

Tena haya maumbile yana bahati ya kukumbukwa kwa zamu. Kuanzia 1972, katika kisiwa cha Isle of May huko Scotland, wahifadhi wenyewe waliua shakwe kwa maelfu kwa sababu waliona wamezidi na wanawasonga ndege wengine. Sikusoma popote kwamba mtu alisimama akasema tuyaachie maumbile. Mkono wa binadamu ukiua, huitwa usimamizi. Ukilisha, huitwa kuingilia.

Sasa nije kwa mwenye chipsi. Mwaka 2015 mambo yalifika mbali. Huko Cornwall mbwa mdogo aliuawa na shakwe, kobe wa kufugwa naye akauawa, magazeti yakawaka moto, na Waziri Mkuu David Cameron akasema nchi inahitaji kulizungumza suala la shakwe kwa kina. Sitanii machungu ya mwenye mbwa. Lakini ukimwaga kikapu kizima kwa sababu ya embe mbili zilizooza, tatizo lako si embe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliweka chakula mbele ya shakwe wa mijini na kuwakazia macho. Matokeo waliyoyachapisha 2019 yalionesha kwamba wengi hawakuthubutu hata kukisogelea, na waliothubutu walichelewa zaidi walipotazamwa. Maana yake ni kwamba anayepora chipsi ni mmoja mwenye ujasiri katika kundi la waoga, na hata yeye hupendelea kuja kwa nyuma. Dawa yake ni kugeuka na kumtazama. Ni rahisi kuliko wavu.

"Lakini wamejaa!" Wamejaa wapi? Wamejaa mahali unapokula. Aina hii imo kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza waliomo hatarini tangu 2009. Hesabu ya ndege wa baharini iliyotolewa 2023 ilikuta kwamba wanaotaga kwenye makazi yao ya asili, majabali na visiwa, wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja tangu hesabu iliyofanywa mwanzoni mwa karne hii. Juu ya hayo yakaja mafua ya ndege. Aliyesimama kwenye gati la Brighton akahesabu shakwe kumi juu ya kichwa chake na kuhitimisha kwamba ndege hawa hawana shida ni sawa na aliyesimama Kariakoo saa sita mchana akahitimisha kwamba Tanzania yote imejaa watu namna ile.

Wenzangu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hapa wana jibu lao tayari: huyo ni kunguru tu aliyevaa kanzu nyeupe. Si kweli. Kunguru wetu wa mjini asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani nzima, akala mayai na makinda wa ndege wenyeji. Kenya ilitangaza 2024 kwamba inataka kuwaangamiza milioni moja, na mimi sitaandika makala ya kumtetea. Shakwe wa Uingereza ni mwenyeji wa pwani ile tangu kabla ya Uingereza kuitwa Uingereza. Tena ana ndugu tunaowajua: shakwe wenye migongo myeusi wanaoanguliwa Finland husafiri kila mwaka kuja kukaa Ziwa Viktoria wakati wa baridi ya kwao, na waliofungwa vifaa vya setilaiti wamefuatiliwa njia nzima hadi huku. Mvuvi wa Mwanza anayewatupia matumbo ya sangara huwalisha ndege ambao nao kwao wanapungua.

Nikubali sehemu moja ya hoja ya wapinzani, kwa sababu wanaisema kwa haki na waokoaji wazuri wanaisema kwa sauti kubwa zaidi yao: makinda wengi wanaookotwa si yatima hata kidogo. Kinda wa shakwe huanguliwa akiwa na malaika mwilini na macho wazi, na baada ya siku moja au mbili anatembea. Mwezi wa Julai, kabla mabawa hayajakomaa, wengi huruka kwa bahati mbaya au huteleza, wakajikuta barabarani. Wazazi huwafuata chini. Huwalisha hapohapo kando ya taka, na humshambulia kwa mbizi kila anayekaribia. Mpita njia akipigwa bawa la kichwa husema ndege kawa kichaa, kumbe ni baba wa mtu anafanya kazi yake. Kumchukua kinda kama huyo ni kumnyang'anya wazazi walio hai. Shirika la RSPCA linawaambia watu hivyo kila mwaka: asipokuwa na jeraha na wazazi wakiwepo, mwache, au mpandishe kwenye paa la chini lililo karibu.

Hili nalo si somo lililoletwa na Wazungu. Sisi tuliokulia pwani, chuoni, tulifundishwa kisa kilichomo katika mkusanyiko wa Abu Daud: masahaba safarini walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao, na Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Mwalimu wangu alikisimulia akiwa na bakora mkononi, kwa hiyo sikukisahau. Basi tunapoambiwa huruma kwa kinda ni anasa ya waliokosa kazi, najiuliza tulikuwa tunaitikia nini pale chuoni.

Ila kurudishwa kunahitaji pa kurudi. Wazazi wakiwa wamekufa, au kiota kikiwa kimebomolewa, huwezi kumtupa kinda kwenye paa lolote lenye shakwe ukaondoka. Mara chache hupokelewa na jirani. Mara nyingi hudonolewa hadi kufa, kwa kuwa shakwe hulinda eneo lake dhidi ya kila kinda asiye wake, na wapo wanaowala. Huyo ndiye yatima wa kweli, na ndiye ninayemtetea.

Je, kumlea kunawezekana? Wapinzani huleta picha ya ndege aliyeharibiwa: anamfuata mtu kama mbwa, hajui kutafuta chakula, akiachiwa anakufa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na umemlea kama paka. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama walezi wasingeijua. Wanaijua kuliko mimi na wewe. Tazama wanavyofanya.

Kinda akifika, hapewi chakula kwanza. Hupewa joto, kwa sababu aliyepoa hawezi kusaga kitu tumboni, na chakula kitamuua. Hawekewi maji mdomoni kwa bomba la sindano na mtu asiyejua, maana tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na maji huingia mapafuni. Hapewi mkate: mkate hushibisha na hauna kitu, na kinda anayekua kwa mkate mifupa yake hupinda. Hupewa samaki wadogo wazima, pamoja na mifupa yao, na kama samaki walikuwa wamegandishwa huongezewa vitamini B1, kwa sababu hiyo hupotea kwenye barafu. Mtaalamu Niko Tinbergen, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya 1973, alionesha kwa vichwa vya kuigiza kwamba kinda hudonoa lile doa jekundu la mdomo wa mzazi ndipo mzazi atapike chakula. Kwa hiyo wapo walezi wanaopaka kibanio doa jekundu, na kinda aliyegoma kula hufungua mdomo papo hapo. Huyo ndiye bibi wa kwenye video. Kile kibanio tulichokicheka kina zaidi ya nusu karne ya sayansi ndani yake.

Na kibanio hakikai sana. Kinda wa shakwe si kinda wa mbayuwayu anayengoja kutiwa mdomoni kila dakika. Baada ya siku chache huokota mwenyewe kwenye sahani. Mkono wa mtu hurudi nyuma. Huwekwa na wenzake wa umri wake, wakubwa wasimwonee, ili akikua ajione shakwe. Hakuna kumpa jina, hakuna kumbeba begani kupiga naye picha. Anayefanya hivyo ni mfugaji, asijiite mwokoaji. Kisha wanahamishiwa kizimba cha nje chenye dimbwi, kwa sababu bila kuoga na kujipaka mafuta ya kwenye tezi ya mkiani manyoya hayazuii maji, na shakwe anayelowa ni maiti. Wanapiga mabawa wiki nzima bila kuondoka chini, halafu asubuhi moja mmoja anakuta yuko juu ya uzio anashangaa. Wakishapaa vizuri hupelekwa pwani penye kundi la shakwe, siku isiyo na dhoruba, mara nyingi wakiwa na pete ya namba mguuni. Kuanzia kuanguliwa hadi kupaa ni wiki tano au sita. Hakuna chuo cha siri ambacho mzazi angemsomesha na mlezi hakuweza. Shakwe mchanga hujifunza kwa kuiga kundi, na kundi liko palepale alipoachiwa.

Wanaojua zaidi watanitajia ndege wengine wa baharini, wale weusi na weupe wanaopiga mbizi, waliosafishwa mafuta ya meli na kuachiwa miaka ya nyuma. Ni kweli: uchambuzi wa pete zao uliochapishwa Uingereza miaka ya 1990 ulionesha kwamba wengi walikufa ndani ya siku chache. Matokeo yale yaliwaumiza waokoaji, na yakawalazimisha kubadili njia zao. Lakini yule alikuwa ndege mzima aliyemeza sumu ya mafuta, si kinda mwenye afya aliyekosa mzazi. Ukitaka kinda kwa kinda, nenda Afrika Kusini. Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, pengwini wapatao 19,000 wakapakwa mafuta, na makinda kwa maelfu wakabaki bila wazazi. Shirika la SANCCOB na watu waliojitolea waliwalea kwa mikono. Waliofuatiliwa kwa miaka baadaye walionekana wakiishi na kuzaa kwa kiwango kinacholingana na waliolelewa na wazazi wao. Pengwini huhitaji kujua kuwinda chini ya maji. Shakwe anahitaji kujua mfuko wa taka unafunguliwaje. Sioni yupi ana mtihani mgumu zaidi.

Wengi watakufa hata hivyo kabla ya kufikisha mwaka? Ndiyo, na wengi waliolelewa na mama zao watakufa vilevile. Sijamsikia mtu akimshauri mama asihangaike.

Hoja ya ugonjwa naipa heshima kamili. Tangu 2021 mafua ya H5N1 yameua ndege wa baharini wengi mno, shakwe wakiwemo, na baadhi ya vituo vililazimika kufunga milango kwao kwa muda. Kwa sababu hiyo kinda halelewi kwenye beseni la kuogea la nyumbani, karibu na kuku wala watoto. Anapelekwa kituoni, kwenye glavu, karantini na daktari. Lakini hoja hii inadai ulezi ufanywe kwa utaratibu. Haidai usifanywe.

Mhifadhi mwenye takwimu naye atasema kuokoa makinda mia hakuinui idadi ya spishi, na fedha zingefaa zaidi visiwani. Sijasema kinda mmoja anainua spishi. Nasema aliyebomoa kiota ana deni kwa aliyekuwemo, na deni halifutiki kwa kusema kwamba mdai ni mdogo. Fedha zenyewe si za hazina ya visiwa. Ni za wastaafu wanaouza keki na nguo kuukuu siku ya Jumamosi, na ukiwazuia hawatazipeleka kwa mtaalamu wa takwimu. Kama ni fedha za kuokoa, tuanze na zinazolipwa kwa nyavu, miiba ya chuma na mwewe wa kukodi, vitu vinavyohamisha ndege kutoka paa hili kwenda la jirani na kuacha yatima wapya njiani.

Nimemwacha mcheshi wetu mwisho kwa sababu yeye ni ndugu. Ndugu yangu, unapofika Nairobi unalipa kiingilio kwenda kuwaona watoto wa tembo wakinyweshwa maziwa kwa chupa. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kupata maziwa ambayo mtoto wa tembo anaweza kuyasaga, na jibu likapatikana kwenye mafuta ya nazi. Taasisi iliyoanzishwa 1977 kumkumbuka mumewe bado inawalea. Walinzi hulala na ndama hao bandani usiku, kisha baada ya miaka huwapeleka Tsavo wakajiunge na tembo wa porini. Hucheki pale. Unapiga picha, unaweka kwenye hadhi yako ya WhatsApp na alama ya moyo. Tembo yule ni yatima wa risasi, wa kisima, wa ukame. Shakwe ni yatima wa wavu na wa fundi. Tofauti iliyopo ni kwamba mmoja anapendeza watalii na mwingine kakunyia gari.

Na hii njaa ya watoto, mbona huja tu ndege anapolishwa? Kwenye kamati ya harusi haiji. Tunakaa vikao vitatu kuchangisha pesa za ukumbi, maua na msanii wa saa moja, na hakuna anayeinuka kusema Mwenyekiti, kuna watoto wanalala njaa Kwale. Haiji tunaponunua jezi mpya ya Arsenal kila msimu. Dagaa wa yule bibi wasingefika Kwale hata asingemlisha kinda. Anayeuliza kwa nini unalisha ndege na husaidii watu, mara nyingi hasaidii yeyote kati yao. Na wanaolea makinda, kwa ninavyowafahamu, ndio haohao unaowakuta wakigawa chakula cha msaada kanisani siku ya Alhamisi.

Wengi wetu huko Uingereza hatuandiki makala wala hatulei ndege. Tunafanya kazi, na nyingine ni za juu ya mapaa hayohayo: ujenzi, usafi wa majengo, ufungaji wa sola na antena. Kwa hiyo neno langu ni kwenu. Kagueni paa mwezi wa Machi, kabla ya mayai. Mkikuta kiota chenye mayai au makinda, mwambieni msimamizi upande ule usubiri. Ni kama wiki kumi tangu yai hadi kupaa, na sheria iko upande wenu. Mkimkuta kinda chini, tazameni juu kwanza mwone kama wazazi wapo. Wakiwepo, mrudisheni kwenye paa la karibu lililo chini na muondoke haraka. Wasipokuwepo, au akiwa anavuja damu, mtieni kwenye boksi lenye matundu na taulo, mahali penye giza na joto, bila mkate, bila maji mdomoni, vaeni glavu, na pigieni simu kituo cha wanyamapori cha eneo lenu siku hiyohiyo. Kinda mdogo asiye na wa kumpa joto hamalizi usiku.